Siagi Iliyogoma Derrinabo

Kila asubuhi, kabla ya kufunga kamba za viatu vyake, Gobnait Hourihan aliingia katika chumba cha maziwa. Kilikuwa chumba kidogo cha mawe upande wa kaskazini wa nyumba, chenye baridi hata mwezi wa Julai. Juu ya rafu yalipangwa mabeseni manane mapana yenye maziwa yaliyotulia. Kazi yake ilikuwa kuengua malai, ule utando mnono unaopanda juu ya maziwa, kuyamimina katika mtungi uliowekwa kwenye kona ya jikoni, na kuukoroga mtungi wote kwa kijiti kilichochongwa. Alifanya hivyo asubuhi na jioni. Malai yalichachuka polepole katika mtungi ule wiki nzima, na Jumamosi nyumba ilisukasuka siagi.

Gobnait alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Hakuipenda kazi hiyo wala hakuichukia. Aliifanya kama mtu anavyochana nywele. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Aliishi na baba yake, Con, na mama mzazi wa baba, Bibi Hanora, juu ya kilima cha Derrinabo, magharibi ya Cork. Walikuwa na ng'ombe sita, nguruwe mmoja na kisima ambacho hakikukauka hata siku moja.

Wiki ya mwisho ya Aprili, mwaka wa 1934, shuleni kulikuwa na mashindano ya kupiga mpira ukutani kwa kiganja. Gobnait aliwashinda wavulana wote isipokuwa wawili, na hao wawili alitaka kuwashinda Ijumaa. Alhamisi jioni hakuengua malai. Ijumaa hakuengua asubuhi wala jioni. Jumamosi alfajiri aliyakuta mabeseni yote manane yamejaa, akayaengua kwa mpigo mmoja na kumimina kila kitu katika mtungi. Mtungi ulijaa hadi shingoni. Aliukoroga mara tatu, akautazama, akaona haukuwa na tofauti na mtungi wa Jumamosi nyingine yoyote.

Saa tatu asubuhi malai yalimiminwa katika pipa refu la kusukia. Con alishika mpini wa mchi, mti mrefu wenye sahani ya mbao chini yake, na kuanza kuupandisha na kuushusha, huku Bibi Hanora akinyunyiza chumvi kidogo juu ya kifuniko kama mama yake alivyofanya.

Mlango ulikuwa wazi. Abina Lucey, jirani yao, aliingia akiwa na kopo tupu. Alikuwa mjane aliyeishi peke yake na mbuzi mmoja na kuku kumi na mmoja, na alivuta kiko kama mwanamume.

"Mungu abariki kazi," alisema.

"Na wewe pia," Bibi Hanora alijibu. "Haya, shika mchi."

Hakuna mgeni aliyeingia katika nyumba ya Derrinabo wakati wa kusukasuka bila kushika mchi, hata kama ni kasisi. Aliyekataa alionekana kuwa na nia mbaya na siagi ya watu.

"Leo nisamehe, Hanora. Napaka banda la kuku chokaa. Tazama mikono hii, nitawalisha chokaa nyote. Moto wangu umezimika, nipeni kaa moja tu nikauwashe."

Con alikuwa anafikiria mambo ya mbegu za viazi. Alichukua koleo, akatoa kaa la moto mekoni na kulitia katika kopo. Abina akashukuru na kuondoka. Hapo ndipo Con alipoona uso wa mama yake.

"Umetoa moto," Bibi Hanora alisema. "Siagi haijaja, na wewe umetoa moto nje ya nyumba. Moto ukitoka, bahati ya siagi hutoka nao. Tena kwa mtu aliyekataa mchi."

"Ni Abina tu, Mama."

"Ndiyo. Ni Abina tu. Endelea kusuka."

Walisuka kwa zamu saa nzima. Malai yalipiga povu. Saa ya pili povu lilifika kwenye kifuniko na kuanza kuchuruzika nje. Bibi Hanora alifunga kiatu cha chuma cha punda, kinga dhidi ya uchawi, chini ya pipa na kunyunyiza maji ya baraka. Adhuhuri Con aliacha mchi, mabega yakimuuma. Ndani ya pipa hamkuwa na siagi hata ya kupaka kipande cha mkate. Nguruwe alikula vizuri siku hiyo.

"Ameondoka nayo," Bibi Hanora alisema, akakaa bila kugusa chakula.

Gobnait alifumba mdomo. Mara mbili alifikiria yale mabeseni manane, na mara zote mbili alijiambia kwamba malai ni malai.

*

Jumapili baada ya Misa, Con alikata matawi ya miiba na kuyaburuta hadi kwenye mwanya wa ukuta wa mawe, kati ya shamba lao na la Abina. Kupitia mwanya huo Abina alikuwa amechota maji katika kisima chao kwa miaka ishirini na saba.

"Njoo unishikie hili tawi nilifunge waya," Con alimwambia binti yake.

"Sishiki."

"Nimesema njoo."

"Na mimi nimesema sishiki, Baba. Abina hajaiba kitu."

Bibi Hanora alikuwa amesimama nyuma yao, shali imefungwa kidevuni. "Umemsikia? Ati hajaiba. Wewe umekuwa hakimu lini?"

"Kama ameiba, siagi yenyewe iko wapi? Ana mbuzi mmoja, Bibi! Wiki iliyopita alikuja kwetu kuomba siagi ya kukaangia yai."

"Wa namna hiyo hahitaji ng'ombe."

"Basi anaitumia wapi? Anapaka viatu?"

Con alitaka kucheka, akakohoa. Bibi Hanora hakucheka. "Nenda ndani. Leo hutakula pamoja nasi. Mtoto anayenijibu hivi hali mezani kwangu."

"Sitakula basi," Gobnait alisema, akaenda ndani kwa kichwa kilichoinuliwa. Con alifunga miiba peke yake. Hakuamini yote aliyosema mama yake, lakini mama yake alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana, na kufunga mwanya kulikuwa rahisi kuliko kubishana naye.

Jumatatu habari ilikuwa imeshafika shuleni.

"Gobnait!" Dinny Twomey aliita kutoka upande wa pili wa uwanja. "Ni kweli Abina ana ng'ombe wasioonekana?"

"Kweli kabisa. Mmoja nimemwona, amefanana na wewe."

Watoto walicheka na Dinny akawa mwekundu hadi masikioni. Gobnait alikuwa ameshinda, ila furaha yake haikudumu. Juu ya ukuta wa shule aliona barabara, na barabarani alimwona Abina akienda polepole na ndoo mbili. Njia ya kupitia mwanya ilikuwa hatua mia mbili. Kuzunguka hadi kisima cha njia panda ilikuwa zaidi ya maili moja, na kurudi ni kupanda kilima. Kila baada ya mwendo mfupi Abina aliweka ndoo chini, akapumua, akabadilisha mikono ingawa ndoo zilikuwa na uzito uleule.

Jumanne Gobnait alimkimbilia baada ya masomo na kushika ndoo moja. Abina alimwachia. Walitembea hadi mlangoni kwake.

"Bibi yako anajua uko hapa?" Abina aliuliza mwishowe.

"Hajui. Na akijua sijali."

"Mm," Abina alisema, akaingia ndani.

*

Mwezi huo Bi Cotter, mwalimu wa siagi aliyetumwa na wilaya, alikuwa akifundisha wanawake katika darasa la shule nyakati za jioni. Alizunguka vijijini kwa baiskeli, amevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Bibi Hanora hakuwahi kuhudhuria. Alisema hahitaji msichana wa miaka ishirini na mitano kumfundisha jambo alilolifanya kabla baba wa msichana huyo hajazaliwa.

Jumatano Gobnait alimngoja Bi Cotter kwenye mlango wa darasa.

"Mwalimu, mtu anaweza kuiba siagi isiyokuwepo bado?"

Bi Cotter aliegemeza baiskeli ukutani. "Siagi haikuja?"

"Tulisuka saa tatu nzima. Ilileta povu tu."

"Malai yalikuwa na joto kiasi gani?"

"Hatupimi."

"Chumba cha maziwa kina baridi?"

"Sana."

"Mara ya mwisho mlitia malai mabichi mtungini lini?"

Gobnait alikuwa amekuja kutafuta silaha ya kumpiga bibi yake, na sasa aliona silaha imemgeukia.

"Jumamosi alfajiri," alisema. "Saa chache kabla ya kusuka."

"Mengi?"

"Nusu ya mtungi."

"Basi nusu moja ilikuwa imechachuka na ina joto la jikoni, nusu nyingine mbichi na ya baridi," Bi Cotter alisema, kwa sauti ileile ambayo angemwambia mtu ni saa ngapi. "Malai mabichi yanahitaji saa kumi na mbili mtungini kabla ya kusukwa, yachachuke pamoja na mengine. Na baridi ikizidi, mafuta hayashikani. Mngesuka hadi Jumatatu. Nani anaengua kwenu?"

"Mimi."

Bi Cotter alifungua mkoba, akatoa kipimajoto kirefu cha kioo katika ala ya mbao. "Nyuzi hamsini na nane za Farenhaiti. Ikiwa chini, pasha pipa kwa maji ya moto, umwage, halafu tia malai. Nirudishie Jumatatu. Kikivunjika, kimevunjika mikononi mwako na utasema hivyo."

"Nitasema," Gobnait alijibu.

Jioni hiyo alisimama katikati ya jiko. Hakukaa, kwa sababu alijua akikaa hatasema.

"Siagi niliiharibu mimi. Sikuengua tangu Alhamisi. Nilitia malai mabichi Jumamosi asubuhi, nusu ya mtungi. Abina hahusiki kabisa."

Con alishusha kiko. Bibi Hanora aliendelea kufuma soksi.

"Amekufundisha useme hivyo," alisema.

"Nani?"

"Unadhani sijui umembebea ndoo? Anakupa mkate mtamu, nawe unajitwika kosa lake. Kumwonea mtu huruma si vibaya, mtoto. Kusema uongo kwa ajili yake ni vibaya."

Gobnait alikuwa amejiandaa kwa fimbo, kwa matusi, kwa kunyimwa chakula. Hakuwa amejiandaa kutoaminiwa.

"Basi nitawaonyesha," alisema. "Jumamosi. Malai yetu nitayagawa. Mimi nitasuka kwa pipa kubwa, malai yaliyochachuka sawasawa. Abina atakuwa ndani. Hatagusa mchi, na atatoka na kaa la moto mbele ya macho yenu."

"Mungu wangu!" Bibi Hanora aliacha sindano.

"Na wewe, Bibi, utasuka kwa lile pipa dogo. Weka chumvi, weka kiatu cha punda, weka maji ya baraka, weka kila kitu. Ila ndani yake nitatia nusu mbichi ya baridi, kama nilivyofanya. Sitaficha. Tuone siagi inamsikiliza nani."

Con alimtazama mama yake, kisha binti yake, akaona taya mbili zilizofanana.

"Jumamosi," alisema. "Abina akikubali. Usipopata siagi, Gobnait, miiba inabaki na utamwomba bibi yako radhi mbele ya majirani."

"Nikiipata?"

"Nitaitoa mwenyewe."

*

Abina hakukubali upesi. Alhamisi alimsikiliza Gobnait akiwa kizingitini, mikono imekunjwa, kiko mdomoni.

"Kwa hiyo niingie katika nyumba ambayo naitwa mwizi, nikae kwenye kiti, nitazamwe kama ndama sokoni?"

"Ndiyo, Bi Abina."

"Na kosa ni lako."

"Ndiyo."

"Ulilijua lini?"

"Jana, kwa Mwalimu."

Abina alitoa kiko. "Sikukuuliza ulilithibitisha lini."

Gobnait alitazama viatu vyake, halafu akalazimisha macho yake yapande. "Jumamosi. Nililihofia tangu Jumamosi."

"Jumapili ulimpigia kelele baba yako ukutani. Nilisikia kila neno, sauti yako inafika hadi bandani. Nikasema, angalau yupo mmoja." Akagonga kiko chake kwenye nguzo ya mlango, majivu yakaanguka. "Nitakuja. Siji kwa ajili yako. Nakuja kwa sababu nataka kumwona Hanora akisuka povu."

Jumamosi saa tatu, mapipa mawili yalikuwa katikati ya jiko. Gobnait alikuwa ameengua kila asubuhi na kila jioni, na malai ya Ijumaa usiku na ya asubuhi ile aliyaweka mbali, yasiguse mtungi. Alitia kipimajoto katika mtungi. Nyuzi hamsini na tatu. Alipasha pipa kubwa kwa maji ya moto, akamwaga, akamimina malai, akangoja, akapima tena. Hamsini na nane. Kwa pipa dogo alichukua malai kidogo yaliyochachuka, akayachanganya na mabichi yaliyotoka chumba cha mawe, akapima mbele ya bibi yake. Arobaini na tisa.

"Namba zako hazinihusu," Bibi Hanora alisema. Alifunga kiatu cha punda chini ya pipa lake, akanyunyiza chumvi na maji ya baraka, akashika mchi wake.

Abina aliingia na kopo lake. Hakusema Mungu abariki kazi. Alivuta kiti karibu na meko, akakaa, akawasha kiko kwa moto wa nyumba ile na kupuliza moshi darini. Bibi Hanora alisuka haraka zaidi.

Baada ya robo saa Abina aliinuka, akachukua koleo mwenyewe, akatia kaa kubwa katika kopo na kutoka nje taratibu. Walimwona kupitia dirisha akilibeba kaa hadi kwenye ukuta na kulizima kwa kisigino. Alirudi na kukaa tena.

"Endelea, Hanora," alisema. "Usinijali."

"Sikujali hata kidogo."

"Naona. Povu linakupanda mkononi."

Mikono ilimuuma Gobnait na shati lilimganda mgongoni. Nusu saa ilipita. Kama bibi yake alikuwa sahihi, mwanya ungebaki umefungwa, na Abina angepanda kilima kile kwa ndoo mbili hadi azeeke kabisa. Alihesabu mapigo ili asifikirie. Alipofika mia nne, mchi ukawa mzito ghafla. Sauti ndani ya pipa ilibadilika. Haikuwa tena ya maji yanayopigwa, ilikuwa ya kitu kinachoanguka. Aliinua mchi. Mti wake ulikuwa safi, na kwenye sahani yake ya chini ziliganda punje za manjano, ndogo kama mtama.

"Baba," alisema. "Fungua."

Con alifungua kifuniko, akatazama. Kisha akalifunua pipa la mama yake na kutazama humo pia. Povu lilikuwa limefika ukingoni, jeupe, halina punje hata moja.

Bibi Hanora alilikagua pipa la mjukuu wake, akachovya kidole ndani yake, akaonja. Alionja muda mrefu.

"Labda ameirudisha kwa sababu amegundulika," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Kama ameirudisha, mbona yako hajairudisha?" Gobnait aliuliza. "Pipa lako liko mbele ya miguu yake. Usimtazame yeye, Bibi. Tazama malai. Pasha hayo yako, yaache hadi kesho, kisha yasuke. Yatakuja."

Bibi Hanora alifungua kiatu cha punda kutoka chini ya pipa dogo na kukiweka juu ya meza. Alifuta mikono kwa aproni. Aligeuka kumtazama Abina, na kwa muda ikaonekana atasema jambo kubwa.

"Utakunywa mtindi?" aliuliza.

"Nitakunywa," Abina alijibu.

*

Mchana ule Con alikata waya na kuanza kuitoa miiba. Safari hii Gobnait alishika matawi bila kuambiwa. Miiba ilimchoma vidole na hakulalamika.

"Ulikuwa hodari," baba yake alisema bila kugeuka. "Umebishana na bibi yako, umebishana na mimi, umebishana na shule nzima. Wengi hawangethubutu."

Gobnait alianza kutabasamu.

"Subiri, sijamaliza. Siku zote hizo ulikuwa unatetea haki kwa maneno ya kila aina, isipokuwa yale ambayo ni wewe tu uliyekuwa nayo. Kama Jumamosi iliyopita, palepale kwenye pipa, ungesema, Baba, sikuengua, labda ni hilo, ingechukua nusu dakika. Ungechapwa, halafu ingekwisha. Kuupinga uongo wa watu wengine ni vizuri. Lakini anza na ukweli unaoujua mwenyewe, hata kama unakuumiza, maana huo hakuna mwingine anayeweza kuusema badala yako."

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi si bora kuliko wewe. Kaa nilitoa mimi. Nilifunga njia ya mtu kwa jambo nisiloliamini, ili nyumba iwe na amani. Niliifunga kwa saa moja, na naifungua kwa saa moja. Lakini zile siku sita za mabega ya Abina siwezi kumrudishia, wala wewe huwezi."

Tawi la mwisho lilikuwa halijatolewa vizuri Abina alipoteremka na ndoo mbili tupu. Alipita kati yao, akachota maji kisimani, akarudi akitembea wima. Gobnait alitupa tawi na kunyoosha mkono apokee ndoo moja.

"Acha," Abina alisema. "Kwa njia hii naweza mwenyewe."